Gauni Lisilo na Zipu

Tobias alikuwa mtu ambaye hata kivuli chake mwenyewe angekiomba kitambulisho. Usimlaumu haraka, maana shuku ndiyo iliyomlisha. Alikuwa askari wa lango katika jumba moja la maofisi pale Westlands, na tangu avae ile sare mikono yake ilikuwa imepekua mikoba, vikapu vya chakula na buti za magari ya watu wa kila namna. Alijifunza kwamba mtu anayecheka sana langoni ana kitu, asiyecheka ana kitu kikubwa zaidi, na yule anayesema ana haraka ndiye wa kurudishwa nyuma akaguliwe upya. Methali aliyoipenda kuliko zote ilikuwa kikulacho ki nguoni mwako, na aliitumia hata mahali isipohitajika, kama vile akiuziwa mandazi.

Lango lilibaki Westlands, lakini ukaguzi alirudi nao nyumbani. Huko Kabiria aliishi katika chumba kimoja kikubwa kilichogawanywa na pazia, upande mmoja yeye, upande wa pili binti yake Ivyne, aliyekuwa Gredi ya Nane. Mkewe Nanyama alikuwa Oman akifanya kazi za nyumba. Siku ya kuondoka, pale uwanja wa ndege, Nanyama alimshika mumewe ukosi wa shati akamwambia maneno mawili tu: "Chunga mtoto." Mwanamke mwingine angefafanua kidogo. Nanyama hakufafanua, akavuta mkoba wake akaingia ndani, na Tobias akayapokea maneno yale jinsi askari anavyopokea amri ya mkubwa wake.

Akachunga. Alijua saa ya shule kufunga na njia ya kurudia. Alijua ni wasichana gani wa kutembea nao na ni duka gani la kupitwa bila kusimama. Na Ivyne, tuseme ukweli, hakuwa amempa sababu hata moja ya kumtilia shaka, ila kwa mtu kama Tobias kukosa sababu ni sababu tosha.

Sasa kipaimara kikawa kinakaribia. Jioni moja Ivyne, huku akisonga ugali, akasema bila kugeuka, "Baba, katekista amesema dress iwe nyeupe, ipite magoti, na iwe na mikono."

"Ya kununua?"

"Ya kushona ndiyo watu wanafanya. Wenzangu wote wameenda kwa Caren."

Tobias akaacha kutafuna. Caren alikuwa fundi wa nguo, na mlango wake ulitazamana na wao, katikati mfereji wa maji machafu. Alikuwa mwanamke mnene wa kucheka, asiye na mume aliyeonekana, na kila Tobias alipopita, Caren alimwamkua kwa sauti ya kuvuta: "Baba Ivyyyne, habari ya kazi?" Tobias hakuipenda ile sauti. Hakupenda pia kwamba alikuwa na gunia chini ya meza yake, alimotupia vipande vyote vilivyobaki vya nguo za watu. Huko Butere alikokulia, nyanya yake alikuwa akichoma kila kipande cha kitambaa kilichobaki, asije mwenye roho mbaya akakiokota na kukipeleka kusikofaa. Mtu anayeweka mabaki ya nguo za watoto wa wenzake guniani anayawekea nini?

Lakini hayo yalikuwa madogo. Lililomnyima raha ni kwamba Ivyne alikuwa ameanza kuingia kwa Caren. Mara mbili alimwona akitoka huko na kimfuko cheusi cha kitambaa amekificha chini ya sweta. Tena kulikuwa na simu. Nanyama alikuwa amemwachia binti yake simu yake ya zamani, na siku hizi Ivyne alikuwa akijifungia nyuma ya pazia akinong'ona nayo, na Tobias akikohoa tu, mnong'ono unakatika. Akimwuliza ni nani, jibu ni lile lile: "Ni Mama." Mama gani? Mama yake alipiga kila Jumapili, kwa simu ya Tobias, kwa sauti ya kusikika mpaka kwa mwenye nyumba. Ni mama gani huyo wa kunong'onezwa?

Tobias akajumlisha moja na moja akapata saba. Kulikuwa na mwanamume. Mwanamume huyo alikuwa anatuma vitu, Caren ndiye aliyekuwa akivipokea, na sasa kwa kisingizio cha gauni mtoto ataingia na kutoka humo anavyotaka. Leo kupimwa, kesho kujaribu, kesho kutwa kurekebisha. Askari wa miaka yake hawezi kuachia mlango wa namna hiyo wazi.

"Huendi kwa Caren," akasema. "Gauni nitashona mimi."

Ivyne akageuka na mwiko mkononi. "Wewe, Baba?"

"Mimi. Kwani cherehani ya mamako imekaa hapo kufanya nini?"

Msichana akatazama ile cherehani, iliyokuwa imefunikwa kitambaa na kuwekewa televisheni juu yake, kisha akamtazama baba yake. Akarudi kwenye ugali. "Sawa, Baba," akasema, kwa sauti ya mtu aliyeambiwa kwamba atapelekwa shule kwa punda.

Siku yake ya mapumziko Tobias alishuka mjini, akapita River Road mpaka kwenye uchochoro wa maduka ya vitambaa. Aliingia kwa mzee mmoja Kalasinga aitwaye Inderjit, si kwa sababu alimwamini, bali kwa sababu duka lake lilikuwa na taa kali kuliko mengine, na palipo na mwanga wizi ni mgumu. Akachagua kitambaa cheupe kizito kidogo. Inderjit alipochukua fimbo yake ya mita, Tobias akaomba aione. Akaigeuza, akaitazama ncha zake kama hazijakatwa, kisha akatoa tepu aliyoinunua duka la jirani akaipima fimbo yenyewe. Vikalingana, jambo ambalo lilimfanya aishuku tepu.

"Bwana," akauliza Inderjit taratibu, "wewe askari?"

"Umejuaje?"

"Mtu ingine naangalia kitambaa. Wewe naangalia mkono yangu." Mzee akacheka, akapima, akaongeza kipande cha juu bila kuombwa. "Hii ya mtoto, sivyo? Vipimo yake iko?"

"Iko," akadanganya Tobias.

"Na zipu? Chukua zipu nyeupe, ya mgongo."

Tobias akaitazama ile zipu. Akaifungua, akaifunga, akaifungua tena. Zipu ni mlango, akawaza, na kila mlango ni mahali pa kuingilia. Gauni la msichana wa kipaimara linataka mlango wa mgongoni wa nini? "Zipu wacha," akasema, akajiona amemwepa mfanyabiashara mmoja mjanja.

Tatizo lilimngoja nyumbani. Ili kumshonea mtu nguo sharti umpime, na ili umpime sharti uzungushe tepu kifuani mwake. Tobias alikuwa amelelewa katika boma ambalo msichana akishavunja ungo, baba yake hamgusi tena hata begani. Haulizi mambo ya mwili wake wala haingii anapolala. Hayo ni ya mama, shangazi na nyanya. Baba anayejiheshimu hukohoa kwanza mlangoni. Tobias alikuwa akikohoa mlangoni pake mwenyewe mpaka majirani wakadhani ana ugonjwa wa kifua. Kumzungushia binti yake tepu? Afadhali afutwe kazi.

Angeweza kumwomba mwanamke ampimie, lakini mwanamke wa karibu alikuwa Caren. Basi akafanya jambo aliloliona la akili nyingi. Ivyne alipokwenda shuleni, akatoa sandukuni gauni la bluu ambalo Nanyama alimnunulia Krismasi kabla ya kusafiri. Lilikuwa limemkaa vizuri, hata picha ipo. Tobias akalipima hilo badala ya mtoto: mara ya kwanza, mara ya pili, na mara ya tatu kuhakikisha kwamba mbili za kwanza hazikumdanganya. Kwa nini Ivyne hakuwa akilivaa gauni lile siku hizi, hakujiuliza. Hilo ndilo jambo pekee lililostahili kushukiwa katika nyumba nzima, na ndilo alilolipita.

Kuhusu ufundi wenyewe, alikuwa na simu. Kulikuwa na mama mmoja wa Dar es Salaam aliyefundisha kushona kwa video, na kila hatua aliitanguliza kwa kusema, "Hapa ni rahisi kabisa, wapendwa." Tobias hakumwamini, lakini hakuwa na mwingine. Akatandaza kitambaa mezani, akalilaza gauni la bluu juu yake, akachora pembeni kwa kipande cha sabuni, akaacha upana wa kidole kwa ajili ya mshono kama alivyoelekezwa. Kisha akashika mkasi. Mtu huyu alikuwa amewahi kumkimbiza mwizi wa tarakilishi mpaka barabarani bila mapigo ya moyo kubadilika, lakini mbele ya kitambaa cheupe alisimama akimeza mate.

Akakata. Vipande vilivyobaki, hata vile vidogo vya kuziba tundu la panya, akavikusanya vyote mfukoni, akafunga mfuko, akauweka sandukuni na kufuli juu.

Mshono wa kwanza ulikuwa aibu tupu. Cherehani ilinguruma, kitambaa kikasonga mbele kidogo, kisha chini yake uzi ukajikusanya kama nywele kwenye tundu la bafu. Akakata, akaanza upya, ukajikusanya tena. Akamshuku muuza uzi kwamba amempa uzi uliooza. Akauvuta, ukamkata kidole, haukuwa umeoza. Akakumbuka kwamba mwaka jana Caren aliiazima cherehani hii wakati yake ilipokuwa kwa fundi, na mara moja yote yakawa wazi: aliichezea makusudi, ili kila mtu wa nyumba hii alazimike kwenda kwake. Akaifungua kila palipofunguka akitafuta alichowekewa. Hakukuta kitu ila vumbi na kifungo cha shati lake mwenyewe. Akarudi kwa mama wa Dar, na safari hii akasikiliza mpaka mwisho. "Usisahau kushusha mguu wa cherehani kabla hujaanza, wapendwa." Alikuwa hajaushusha. Alikuwa anashona hewani.

Hakumwomba Caren msamaha, kwa kuwa hakuwa amemshtaki kwa sauti.

Baada ya hapo mambo yakaanza kwenda. Mkono mmoja aliushona ndani nje akaufumua. Pindo la chini lilipanda upande mmoja na kushuka upande mwingine, akalifumua pia. Kila alipokuwa hayuko kazini, cherehani ililia, na ikilia, mlango wa ng'ambo ya mfereji unafunguka.

"Baba Ivyne!" akaita Caren siku moja, amesimama mlangoni pake na pini mdomoni. "Kumbe tuko na fundi mpya kwa ploti na mimi sijui?"

"Ni pazia nashona."

"Pazia nyeupe? Ya kipaimara?" Akacheka, kisha akatoa zile pini mdomoni na sauti yake ikabadilika. "Na mtoto umempima, lakini?"

Tobias akafunga mlango. Swali lile lilimkera siku nzima. Anataka kujua vipimo vya mtoto wake vya nini?

Siku gauni lilipokwisha, alilipiga pasi akalitundika kwenye msumari, akarudi nyuma mpaka ukutani ili alione vizuri. Lilikuwa gauni. Lazima isemwe, maana haki ni haki: lilikuwa na mikono miwili, shingo, kiuno na pindo lililonyooka, na mtu asiyejua angedhani limetoka dukani. Tobias alifurahi mpaka akajicheka. Alitamani Nanyama angekuwepo alione. Hakuna mtu aliyemsaidia, hakuna mtu aliyemwibia, na hakuna kipande cha nguo ya mtoto wake kilicholala kwa mwingine.

Ivyne aliporudi kutoka shuleni, macho yalimtoka kwa mshangao wa kweli. "Baba! Umeshona hii yote?" Akalichukua, akaingia nyuma ya pazia. Tobias akaketi, akageuza uso upande wa mlango kama inavyompasa baba, akangoja kusifiwa.

Alisikia nguo ikichakarisha. Kisha kimya. Kisha kuchakarisha tena.

"Baba, haipiti."

"Vuta polepole."

"Navuta. Imekwama."

"Imekwama wapi?"

Pazia likatikisika, kiwiko kikaligonga kutoka ndani, na ikasikika sauti ya kitambaa kikiachia. Tobias akasimama, akaketi. Hakuweza kuingia. Baadaye Ivyne akatoka amejifunga leso, nywele zimesimama, gauni mkononi limepasuka kwapani. Hakuinua macho.

"Pole, Baba. Ni ndogo. Inakataa huku mbele."

Mbele. Neno lile lilimwingia Tobias vibaya. Alilichukua gauni, akatoa tepu, akalipima palepale. Lilikuwa sawasawa na lile la bluu, hakuna hata uzi uliopungua. Gauni lilikuwa sahihi. Alikuwa amelipima mara tatu. Na kama gauni ni sahihi, basi kilichobadilika ni mwili. Mwili wa msichana wa umri ule hubadilikaje mbele kwa ghafla? Minong'ono. Kimfuko cheusi. Caren na pini zake akiuliza, umempima mtoto lakini. Hata jirani alikuwa ameshajua!

Mimba, akawaza. Akamwona Nanyama akiwa na tambara la deki mkononi katika nyumba ya watu, simu ikilia, na yeye Tobias ndiye wa kumwambia. Maneno mawili tu aliachiwa, na hata hayo yamemshinda. Aliogopa kuliko alivyowahi kuogopa langoni, na mtu mwenye woga hufanya lile analolijua.

"Nenda dukani ulete maziwa," akamwambia.

Ivyne alipotoka, Tobias akaenda nyuma ya pazia bila kukohoa. Akalichukua begi la shule. Mikono ilijua kazi yake: mfuko wa mbele, mfuko wa pembeni, chini ya vitabu. Kimfuko cheusi kilikuwa chini kabisa, kimefungwa kwa sweta. Akakileta mezani, akakimimina, akavipanga vitu kimoja kimoja kwa mstari, kama afanyavyo kazini, ili mwenyewe akirudi aulizwe.

Vilikuwa paketi mbili za pedi na sidiria mbili mpya zenye karatasi zake bado.

Ivyne akaingia na maziwa. Aliona meza. Hakupiga kelele wala hakulia; alisimama tu akayaweka maziwa chini sakafuni, kwa kuwa mezani hapakuwa na nafasi.

"Nani amekununulia hizi?" akauliza Tobias.

"Baba, umenisachi?"

"Nimeuliza swali. Mwanamume gani anakununulia vitu kama hivi?"

"Umenisachi kama watu wa geti?" Sasa machozi yakaanza. Hakungoja jibu. Akatoa ile simu ya zamani, akabonyeza, akaiegemeza kwenye paketi ya pedi ili iangalie meza. Ikalia kidogo, kisha uso wa Nanyama ukajaa kioo, kilemba kichwani, jiko la watu nyuma yake.

"Mama, mwambie," akasema Ivyne, akaingia nyuma ya pazia.

"Nimwambie nini? Kwani..." Nanyama akasogeza macho. "Baba Ivyne. Hizo vitu zinafanya nini kwa meza?"

"Mimi nataka kujua tu nani amenunua."

"Ni mimi. Natumia Caren pesa, ananunua, anampea mtoto. Ni nani mwingine? Ni wewe ungeenda dukani useme nipe sidiria? Saizi gani?"

Tobias akasema, "Hukuniambia."

"Ningekuambia aje? Nikitaja tu kitu ya mtoto wa kike unaanza kukohoa. Mtoto alianza kuona siku zake akaogopa kukuambia, akanipigia analia. Ndio maana anaongea polepole, asikuaibishe."

"Sasa gauni nimeshona kwa kipimo ya ile ya Krismasi, imekataa kumtosha. Huku mbele. Nikadhani..." Hakuweza kumaliza, lakini mke na mume wa miaka mingi humaliziana. Aliona uso wa Nanyama ukikauka.

"Tobias," akasema. Hakuwa amewahi kumwita kwa jina lake mtoto akisikia. "Mtu mwenye mimba pedi ni za kazi gani?"

Nyuma ya pazia Ivyne alipenga kamasi.

"Mtoto amekua. Si ni hivyo tu? Ungemuuliza, angekuambia ile gauni ya Krismasi haimwingii tangu mwaka jana. Mimi nilikuambia chunga mtoto. Sikukuambia umsachi." Mtu akaita kwa Kiarabu jikoni kule. Nanyama akageuka, akarudi. "Peleka hiyo gauni kwa Caren. Leo." Akakata simu.

Aibu ilimkaa Tobias mwilini kama homa. Akavirudisha vile vitu kimfukoni bila kuvitazama, akakiweka karibu na pazia, akasema, "Ivyne, mwanangu," akaishia hapo, akachukua gauni. Akafungua sanduku, akatoa na ule mfuko wa vipande, akavuka mfereji.

"Hodi, jirani."

Caren alimkaribisha bila kuvuta sauti. Labda alikuwa ameshapigiwa, labda uso wa Tobias ulijieleza wenyewe. Akalipokea gauni, akaligeuza ndani nje, akapitisha kidole kwenye mshono kuanzia kwapani mpaka pindoni.

"Hii umeshona wewe? Mkono yako?"

"Ni mimi."

"Mshono imenyooka. Sikudanganyi, kuna mafundi hapa nje hawafikishi hii." Akatafuta mgongoni, akatafuta ubavuni, akamtazama. "Lakini hukuacha mahali pa kuingilia. Mtu ataingia aje, Baba Ivyne?"

Tobias aliweka mezani ule mfuko wa vipande. Caren akaufungua, akaona hata nyuzi alizofumua zimo, akamwangalia tena kwa muda. Safari hii hakucheka, na Tobias alijua kwamba ameelewa ni yeye aliyefichwa vipande vile.

"Hizi zitatosha kuongeza pembeni," akasema Caren. "Niitie mtoto. Na wewe ukae nje."

Akakaa nje. Alisimama kando ya mfereji na mikono mgongoni, mlango ukafungwa mbele yake, naye, mtu wa kufunga milango mbele ya wengine, akawa wa kungoja. Mwanzoni alisikia tepu na sauti ya Caren ikitaja vipimo. Kisha kitu kikasemwa kwa chini na Ivyne akacheka, kicheko kirefu cha kukosa pumzi. Tobias hakukumbuka mara ya mwisho kukisikia nyumbani kwake. Kikamchoma. Wanacheka nini? Wananicheka mimi? Miguu ikamsogeza hatua moja kuelekea dirishani, sikio likatangulia. Akajishtukia. Akageuka, akatembea mpaka penye bomba la maji ya kuchota mwisho wa ploti, mahali asipoweza kusikia lolote, akasimama huko mpaka alipoitwa.

Siku ya kipaimara gauni lilikaa. Pembeni palikuwa na vipande virefu vilivyoongezwa vikaonekana kama mtindo, na mgongoni zipu nyeupe. Askofu alimpaka Ivyne mafuta kwenye paji la uso, na Tobias, aliyekuwa ameomba ruhusa kazini, alisimama juu ya benchi apige picha mpaka mama mmoja akamvuta suruali. Alimtumia Nanyama picha kumi na moja za kitu kimoja. "Nusu ni mimi nilishona," akaandika chini, na Nanyama akamrudishia uso unaocheka. Caren alikuja na chapati, wakala pamoja, Tobias akamwongezea soda kwa mkono wake mwenyewe. Ivyne alimshukuru baba yake mbele ya watu, kwa adabu. Tobias akaona yameisha.

Jumatatu alikuwa amewahi kurudi, ameketi mezani na chai. Ivyne akaingia kutoka shuleni. "Shikamoo Baba," akasema, na badala ya kupita kwenda nyuma ya pazia akasimama mbele ya meza. Akaweka begi juu. Akafungua zipu zote, ya kati, ya mbele, na za pembeni. Akatoa vitabu akavipanga kwa mstari, akatoa kalamu, sweta, kitambaa cha mkono, mwisho akatoa kimfuko cheusi akakilegeza kamba, mdomo wa kimfuko ukamtazama Tobias.

"Ivyne, unafanya nini?"

Msichana hakuwa na hasira usoni, wala hakuwa na kejeli. Alirudi nyuma hatua moja, akainua mikono pembeni kidogo, viganja wazi, kama watu wanavyofanya pale Westlands wakifika kwake.

"Kagua tu, Baba," akasema. "Nataka kuanza kupika mapema."

Tobias akavitazama vitu vile. Alikuwa ameiweka mikono yake juu ya mali za maelfu ya watu asiowajua, na sasa hakujua aiweke wapi.